Katuni Isiyo na Tarehe

Charles Schulz alifariki usiku wa tarehe 12 Februari 2000, na kesho yake, Jumapili, magazeti ya Marekani yakachapisha mchoro wake wa mwisho wa Peanuts. Alikuwa ameanza tarehe 2 Oktoba 1950. Kwa karibu nusu karne alichora kwa mkono wake mwenyewe michoro inayokaribia 18,000, na ilikubaliwa kwamba baada yake asiwepo mtu mwingine wa kuiendeleza. Wahariri wangeweza kumpa nafasi hiyo kijana mwenye kalamu mpya. Wengi wao hawakufanya hivyo. Walianza kuirudia michoro ya zamani, na hadi leo mbwa wake, Snoopy, bado analala chali juu ya paa la kibanda chake, akichekwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa mchoro ule ulipotoka kwa mara ya kwanza.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini marudio ya namna hii huko ni burudani tupu, ilhali hapa kwetu katuni ya zamani inaporudi huja na maana nyingine kabisa, maana ambayo ingepaswa kutukosesha usingizi.

Sehemu ya jibu ni nyepesi. Kichekesho cha mbwa au paka hakizeeki kwa sababu mbwa na paka hawabadiliki. Garfield, paka mnene wa Jim Davis aliyeanza kuchapishwa tarehe 19 Juni 1978, anapenda kula, anachukia Jumatatu na anamdharau bwana wake. Hakuna uchaguzi, bajeti wala katiba mpya itakayomfanya paka aache kulala mchana. Davis mwenyewe hakuficha kwamba aliziepuka siasa kwa makusudi, kwani siasa huchacha haraka, na paka huuzika popote. Ni hesabu ya biashara, na ilimlipa vizuri.

Sasa mchukue Garfield umpandishe Mgeta. Katika vijiji vya Uluguru utakuta mbwa na paka kwenye kaya nyingi, lakini utakuta pia kwamba kila mmoja ana kazi yake. Mbwa hulala nje; hulinda kuku usiku, na mchana husaidia kuwafukuza ngedere na nguruwe pori wanaoingia kwenye mahindi. Paka yupo kwa sababu mahindi yapo darini. Paka anayelala usiku na mchana katika nyumba ya mkulima si kichekesho, ni hasara inayopimwa kwa debe. Anayetaka kuwachekesha watu wa huko kwa paka mvivu itambidi kwanza awaeleze kwa nini paka huyo bado analishwa. Naomba nieleweke: sisemi kwamba Waluguru hawacheki. Aliyewahi kukaa kwenye msiba wenye watani anajua kwamba wanaweza kumchekesha mfiwa kabla hajafuta machozi. Nasema tu kwamba kicheko chao hakikujengwa juu ya mnyama anayekaa bure.

Mjini mambo yamebadilika kidogo. Kwenye nyumba zenye geti mbwa amepandishwa cheo, na hata anapewa jina, ingawa mara nyingi jina lenyewe humlenga jirani. Mtaani kwetu yupo mbwa anayeitwa Hayakuhusu, na kila jioni bwana wake humwita kwa sauti kubwa kuliko umbali uliopo. Hicho nacho ni kibonzo, ila hakijapata mchoraji.

Mnyama wa nyumbani katika katuni za Tanzania, yule ambaye umma umempokea na kumkumbuka, ni panya. Ally Masoud, ambaye nchi nzima inamfahamu kwa jina la Masoud Kipanya, amemweka panya mdogo katika michoro yake ya magazetini kwa miaka mingi, hata jina la mnyama likawa jina la mchoraji. Chaguo hilo lina busara kuliko linavyoonekana. Panya hafugwi. Anaishi ndani ya nyumba bila mwaliko. Anasikia yanayosemwa chumbani baada ya wageni kuondoka, anajua gunia lipi limetobolewa na limetobolewa na nani, na hakuna anayemwomba maoni yake. Ni vigumu kupata taswira iliyo sahihi zaidi ya mwananchi wa kawaida mbele ya serikali yake. Ngano zetu zilimtumia sungura kwa kazi hiyo hiyo, na ng'ambo ya mpaka, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo kadhaa, hadi wasomaji wa Taifa Leo wakazeeka pamoja naye. Lakini sungura ni wa porini. Akishamcheka mkubwa hukimbia. Panya hana pa kukimbilia, kwa kuwa nyumba ile ile ndiyo yake pia.

Mji wetu wa Morogoro una sababu za ziada za kumtazama panya kwa makini. Hapa, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wataalamu wamemchunguza panya wa shambani kwa miongo, kwa sababu msimu akizidi humaliza mbegu za mahindi kabla hazijachipua. Hapa hapa, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya mmoja aliyezaliwa na kufunzwa Morogoro, Magawa, alipelekwa Kambodia, na mwezi Septemba 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamtunuku nishani ya dhahabu. Alistaafu baada ya kugundua mabomu ya ardhini 71. Kwa hiyo mnyama tunayemwekea sumu darini ndiye huyo huyo aliyewakilisha mkoa wetu kimataifa kwa heshima kuliko baadhi ya wajumbe tunaowalipia posho.

Lakini Waswahili walimjua panya kabla ya maabara. Walisema kwamba panya hung'ata na kupuliza. Humtafuna mtu kisigino akiwa usingizini, kisha humpuliza ili asisikie maumivu, na asubuhi mtu huamka akiona damu bila kukumbuka lini aliumwa. Mimi sina maelezo ya katuni ya kisiasa yanayoushinda usemi huo. Mchoraji hung'ata, kisha kicheko hupuliza. Kwa kawaida tunadhani anayeng'atwa ni mkubwa na anayepulizwa ni huyo huyo mkubwa, ili asikasirike akaita polisi. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Swali langu ni nini kinatokea mchoro huo huo unaporudi mara ya pili, ya tatu na ya kumi, bila tarehe.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa semina yangu michoro sita iliyowahi kutoka katika magazeti ya Tanzania, nikiwa nimefunika tarehe, jina la gazeti na sahihi ya mchoraji. Kazi yao ilikuwa moja tu: taja mwaka. Mmoja ulionyesha familia ikila kwa mwanga wa mshumaa huku redio ikitangaza mafanikio. Mwingine, foleni ya madumu kwenye bomba kavu. Mwingine, mgonjwa anayetakiwa aje hospitalini na glovu zake. Waliicheka yote, kisha wakaanza kubishana. Mchoro wa mshumaa wengi waliupa mwaka 2023, kwa sababu wanaukumbuka mgawo wa umeme wa mwaka ule. Kijana mmoja akasisitiza kuwa ni wa 2011, mama yake alipolazimika kufunga saluni. Ulikuwa wa 2006, mwaka ambao ukame ulishusha kina cha mabwawa na jina la Richmond likaingia katika msamiati wa taifa, hadi Februari 2008 likamwondoa waziri mkuu madarakani. Mwaka 2006 wanafunzi wangu walikuwa wanajifunza kutembea. Binti mmoja aliyekaa nyuma akauliza kama mchoraji yule alilipwa mara moja au mara tatu.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya Garfield na mchoro wa mshumaa. Kichekesho cha paka kinaruhusiwa kurudi bila kumdhuru mtu, maana hatukutarajia paka aboreshwe. Kichekesho cha mgawo wa umeme kilipaswa kufa. Kilipaswa kuwa kizee kiasi kwamba mwanafunzi aliyezaliwa mwaka 2004 angehitaji maelezo marefu chini ya ukurasa ili akielewe, kama anavyohitaji leo kuelezwa ilikuwaje watu wakapanga foleni ya sukari na sabuni kwenye duka la kaya. Kila mara kinapochekesha bila maelezo, kuna mtu ambaye hakufanya kazi aliyolipwa kuifanya. Nakiri kwamba bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme mwezi Februari 2024, na natamani kwa dhati kwamba miaka 10 ijayo mchoro ule uwashinde wanafunzi wa wakati huo kuuelewa. Mchoro wa madumu sina matumaini nao sana. Mto Ruvu unapata maji yake kutoka milima hii hii ninayoiona dirishani, unakwenda kuinywesha Dar es Salaam, na chini ya milima hiyo hiyo wapo wakazi wa Morogoro wanaonunua maji kwa dumu.

Nirudi kwenye tarehe, kwa kuwa ndiyo hoja yangu. Katuni inayorudiwa pamoja na tarehe yake ni ushahidi. Inasema: hili tulilisema mwaka fulani, mkalicheka, mkaliacha. Katuni inayorudiwa bila tarehe hufanya kazi iliyo kinyume. Huonekana kana kwamba imechorwa leo asubuhi. Hucheka nayo mwananchi, hucheka nayo mkurugenzi, naye waziri huisambaza kwenye kundi la wenzake akiongeza vikaragosi vitatu vya machozi ya kicheko. Hakuna anayeona kwamba mguu umeng'atwa mahali pale pale kwa mara ya tatu. Kinachobaki hapo ni kupuliza tu.

Na sisi Watanzania tumepoteza tarehe za katuni zetu karibu zote. Schulz anaweza kurudiwa kwa sababu kila mchoro wake ulihifadhiwa, na upo katika vitabu kwa mpangilio wa siku. Kwetu, Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru alikuwa maarufu kwa kizazi kilichoishi miaka ya Azimio la Arusha. Wazee wakilitaja jina lake bado hutabasamu. Philip Ndunguru, aliyewapa wasomaji wa jarida la Sani akina Kipepe, Lodi Lofa na Ndumilakuwili, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na wahusika wake wakaendelea kuchorwa na mikono mingine. Huko Marekani walikubaliana kwamba Snoopy asiguswe. Huku kwetu Lodi Lofa alirithiwa kama shamba la ukoo, na binafsi naona desturi yetu ina uhai zaidi. Kasoro yake ni kwamba mrithi alipewa jembe bila hati. Mwanafunzi wangu akitaka leo kujua ni kipi alichora Ndunguru mwenyewe na kipi kilichorwa baada yake, na kilitoka toleo gani, atakuwa na kazi ya miaka.

Katika maktaba moja niliyofanyia utafiti nilifungua majalada ya magazeti ya miaka ya 1980. Habari za vikao zilikuwepo zote, hotuba zote, ufunguzi wa viwanda vyote ambavyo sasa ni magofu. Kwenye kona ya ukurasa ambako katuni ilikuwa, palikuwa na dirisha la mraba, limekatwa kwa wembe, safi kabisa. Nikageuza ukurasa: dirisha jingine. Aliyekata aliipenda kazi ile kuliko waliomlipa mtunza maktaba. Sina hakika nimchukie.

Marudio ya kwanza ya katuni nyingi za Kiswahili hayakufanywa na mhariri yeyote, yalifanywa na mama muuza maandazi. Gazeti la juzi huuzwa kwa kilo, hukatwa, hufungia maandazi, karanga na samaki, na kwa njia hiyo mtu asiyenunua gazeti husoma kibonzo cha wiki iliyopita kikiwa na alama ya mafuta katikati. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, biashara hiyo ya karatasi imepata nguvu mpya. Siwezi kuipuuza, nimesoma mengi kwa njia hiyo. Lakini kipande cha kufungia andazi hukatwa bila kujali tarehe iko upande gani.

WhatsApp ni andazi lile lile kwa kasi kubwa zaidi. Mchoro hupigwa picha, kingo hupunguzwa ili uenee vizuri kwenye simu, na pamoja na kingo huondoka jina la mchoraji, jina la gazeti na siku. Hapa kuna dhuluma ambayo wanaharakati wetu, wanaotumia michoro hii kila siku katika mabango na vipeperushi, hawaizungumzii. Aliyechora alibeba hatari peke yake. Mwaka 2015 serikali ililizuia The East African nchini, na Gado, Mtanzania aliyechorea magazeti ya Nairobi kwa zaidi ya miaka 20, akapewa likizo iliyoishia kwa kutorudishwa kazini mwaka 2016. Mwaka huo huo wa 2016 tukapata Sheria ya Huduma za Habari. Mwaka 2017 magazeti kadhaa yalifungiwa, likiwemo MwanaHalisi, na gazeti likifungiwa hufungwa pia kona ya mchoraji. Leseni zilirudishwa Februari 2022, lakini msomaji wa gazeti la kila wiki harudi kama taa inavyowashwa. Septemba 2021 mchoraji mmoja alikamatwa kwa sababu ya mchoro uliomhusu Rais. Kwa hiyo jina lililopo chini ya katuni ni sahihi ya mtu anayejua anachoweza kulipa. Sisi tunaoisambaza tumelikata kwa kidole gumba, tukabaki na kicheko cha bure.

Wapo wenzangu chuoni wanaoniambia kwamba vibonzo ni jambo dogo, na kwamba nchi yenye upungufu wa madawati haina haja ya kuhifadhi michoro ya panya. Nimewasikia. Nitawajibu siku watakaponionyesha taarifa rasmi ya mwaka 2006 inayoeleza kwa uaminifu jinsi chakula cha jioni kilivyoliwa gizani. Taarifa zitatupa megawati. Jinsi baba alivyokwepa kumtazama mtoto aliyemuuliza umeme utarudi lini, hilo lilichorwa tu.

Ninachokiomba si kikubwa. Mhariri anayerudia mchoro wa zamani, na wapo wanaofanya hivyo likizo za Pasaka na mwisho wa mwaka wachoraji wanapopumzika, auandikie chini siku ulipotoka mara ya kwanza. Mstari mmoja unatosha, na utafanya kazi ya tahariri nzima. Bodi ya Huduma za Maktaba na maktaba za vyuo zianze kuziorodhesha katuni kwa mchoraji, tarehe na mada, kama tunavyoorodhesha hotuba. Watumishi wa umma, ambao najua wengi hunisoma kimyakimya ofisini, wakipokea mchoro unaohusu idara yao, kabla ya kucheka au kukasirika wautafute mwaka wake. Kama ni wa mwezi huu, ni ukosoaji. Kama ni wa kabla hawajaajiriwa, basi ni jalada ambalo halijafanyiwa kazi, na nafasi yake ni kwenye meza ya kikao cha Jumatatu.

Nanyi wasomaji ambao wazazi wenu waliacha masanduku ya magazeti ya Uhuru, Mfanyakazi au matoleo ya Sani huko Matombo, Kilosa au Mgeta, msiyauze kwa kilo kabla hamjaupiga picha ukurasa wa katuni. Simu za kawaida zinatosha. Hakikisheni tu kwamba sehemu ya juu ya ukurasa, ile yenye siku na mwezi, imeingia kwenye picha.